Wazee wa Mila, Baraza la Kijiji au Mahakama: Njia Ipi Baada ya Mapigano ya Wakulima na Wafugaji?

Katika wilaya za Handeni, Kilindi na Pangani mkoani Tanga, na vilevile Chalinze na Bagamoyo katika bonde la Mto Wami, ugomvi wa wakulima na wafugaji una mwendo unaofahamika. Ng'ombe huingia katika mahindi usiku, mchungaji hupigwa au ng'ombe hukatwa mapanga, vijana wa upande wa pili hulipiza, kisha polisi hufika, majeruhi hupelekwa hospitali, na viongozi wa wilaya huitisha mkutano wa hadhara. Baada ya hapo wageni huondoka. Wanaobaki ni watu walewale wanaochota maji katika lambo moja na kukutana katika mnada mmoja, nao ndio wanaopaswa kuamua shauri hili lipelekwe wapi ili lisirudi.

Njia zilizo wazi kwao ni tatu. Wanaweza kuwakalisha wazee wa mila wa pande zote mbili. Wanaweza kwenda kwenye mabaraza ya kijiji na kata yaliyoundwa kwa sheria. Au wanaweza kwenda moja kwa moja kwenye vyombo vya wilaya, yaani polisi, mahakama na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ninazilinganisha njia hizo kwa ajili ya wajumbe wa serikali za vijiji, viongozi wa dini na familia zilizoumizwa, na kipimo ninachokitanguliza ni hiki: siku ng'ombe watakapoingia tena shambani, kwa kuwa wataingia, ni nani atakayeitwa kwanza, na je, pande zote mbili zitamsikiliza? Gharama, muda na uzito wa hukumu ni mambo ya maana, lakini yote nayaweka chini ya swali hilo.

Wazee wana nguvu gani leo

Kisheria, wazee wa mila hawana mamlaka ya kuhukumu. Serikali ya Waingereza iliwatambua machifu kuwa mamlaka za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, lakini Tanganyika huru iliufuta utaratibu wa uchifu mwaka 1963. Tangu hapo mzee hawezi kumfunga mtu, hawezi kumtoza faini kwa nguvu ya dola, wala hawezi kumlazimisha asiyetaka kuitika wito. Kilichobaki ni heshima, na hapo ndipo wapatanishi wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu heshima hiyo haikubaki kwa kiwango kimoja katika pande zote mbili za ugomvi.

Kwa Wamasai na jamaa zao Wakwavi wanaoishi Handeni, Kilindi na Chalinze, utaratibu wa marika bado unafanya kazi. Rika lina laigwanani wake, yaani kiongozi na msemaji wake, aliyechaguliwa kwa tabia na ufasaha wake, na morani anayekaidi uamuzi wa kikao hupata shida ya kweli: hutozwa mifugo, hukosa msaada wa wenzake, na laana ya wazee si jambo analolichezea. Laigwanani akiagiza kwamba sime na fimbo ziwekwe chini, kuna matumaini makubwa kwamba zitawekwa. Wabarbaig, ambao ni wafugaji wa kabila jingine, nao wana vikao vyao vya wazee, ambavyo havipaswi kuchanganywa na vya Wamasai. Mwenyekiti wa kijiji anayemwita laigwanani mmoja kwa niaba ya wafugaji wote, ilhali sehemu ya mifugo ni ya Wabarbaig, ameacha sehemu ya ugomvi nje ya kikao.

Upande wa wakulima hali ni tofauti kabisa. Mkoa wa Tanga ulipokea manamba wa mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu wa asili mbalimbali katika makazi mapya. Kijiji cha leo wilayani Handeni kinaweza kuwa na Wazigua wengi, lakini humo humo wamo Wabondei, Wasambaa, wajukuu wa Waha na Wangoni, na vijana waliokodi mashamba msimu mmoja tu. Mzee wa Kizigua anayeheshimiwa na ukoo wake hana namna ya kumfunga kwa neno lake kijana aliyekuja kulima ufuta kwa miezi michache. Kwa hiyo, pale wazee wa wafugaji wanapoamuru, wazee wa wakulima huomba, na makubaliano yaliyotiwa saini na mzee mmoja kila upande yanaweza kuwashika wafugaji peke yao. Nimeona ni afadhali kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu makubaliano mengi yanayosifiwa siku ya kwanza huvunjwa na watu ambao hakuna mzee aliyewahi kuwasemea.

Historia ya Usambara inaonyesha sharti jingine. Chini ya mfalme Kimweri ye Nyumbai mashauri makubwa yalifika Vugha, makao yake makuu, na mfalme aliweza kuyamaliza kwa sababu alikuwa juu ya wagombanao. Kimweri alipofariki mwaka 1862, Wakilindi, yaani ukoo wake wa kifalme, waligombea utawala wao kwa wao, na mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliinuka kuwafukuza Wakilindi katika nchi yao. Mamlaka ya jadi iliyokuwa ikipatanisha iligeuka kuwa upande mmoja wa vita, na hapakubaki mtu ambaye pande zote zingeenda kwake. Swali hilohilo linafaa kuulizwa leo kabla ya kumkalisha mzee yeyote: je, ana ng'ombe katika kundi linalolalamikiwa? Je, ndiye aliyewakodishia wageni eneo lililokuwa mapito ya mifugo? Kama jibu ni ndiyo, umri wake hautoshi kumfanya mpatanishi.

Wanachoweza wazee ambacho wengine hawakiwezi

Pamoja na mipaka hiyo, yapo mambo matatu ambayo sijaona chombo kingine kikiyafanya vizuri kama wazee.

Kwanza ni dhamana ya pamoja. Mahakama humtafuta mtu mmoja aliyetenda kosa, na mara nyingi mtu huyo ni mvulana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, asiye na mali ya kulipia gunia moja la mahindi. Kikao cha wazee huuliza ng'ombe ni wa nani na ukoo wake ni upi, kisha ukoo huchangia. Fidia hupatikana, na zaidi ya hapo wale waliochangia huwa na sababu ya kumkemea mvulana yule asirudie, kwa kuwa wao ndio waliolipa.

Pili ni kasi. Siku tatu za kwanza baada ya kipigo ndizo za hatari zaidi, kwa sababu kisasi hupangwa wakati majeruhi bado yuko wodini. Wazee wanaweza kukaa usiku huohuo. Wilayani Kilosa, mkoa jirani wa Morogoro, mapigano ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000 yaliua watu zaidi ya 30, na yeyote anayeyakumbuka anajua kwamba katika siku za namna hiyo kusubiri tarehe ya kusikilizwa shauri si jibu.

Tatu ni kule kusema kweli mbele ya aliyeumizwa na kufunga jambo kwa ishara inayoeleweka. Mmasai anayeshika jani bichi mkononi anaomba amani, na kila Mmasai anajua uzito wa kulipuuza ombi hilo. Upande wa wakulima, dua inayosomwa na sheikh wa kijiji na chakula kinacholiwa pamoja huwa na uzito wake. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana mato oput, ambapo ukoo wa muuaji hukiri, hulipa fidia, na pande mbili hunywa pamoja kinywaji kichungu cha mzizi wa mti wa oput. Baada ya vita vya waasi wa LRA jambo hilo liliingizwa hata katika makubaliano ya Juba ya mwaka 2007 kuhusu uwajibikaji na maridhiano. Hata hivyo, mato oput ilitungwa kwa ajili ya mauaji kati ya ukoo na ukoo, ambapo muuaji anajulikana na waliofiwa wanajulikana. Mpiganaji aliyeua watu wengi katika vijiji asivyovijua angekiri kwa ukoo upi? Ndiyo maana kamanda wa LRA Dominic Ongwen alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya The Hague mwaka 2021, na mwenzake Thomas Kwoyelo alihukumiwa na mahakama ya Uganda yenyewe mwaka 2024, ingawa mila ya Waacholi haikuwa imekufa.

Mpaka huo unatuhusu sana hapa pwani. Ng'ombe wengine wanaoingia mashambani ni mali ya mfanyabiashara au mtumishi anayeishi mjini, aliyemkodi mchungaji kwa mshahara wa mwezi. Mwenye mali hana ukoo kijijini, hahudhurii kikao, na laana ya mzee haimfikii. Katika shauri la aina hiyo wazee watapoteza muda wao, na nguvu ya mahakama ndiyo itakayomleta mezani.

Baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, wanaopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kazi yake ni kupatanisha, wala si kuhukumu, na sheria inaliagiza lifuate kanuni za upatanishi za kimila pamoja na misingi ya haki asili. Kwa hiyo anayedhani kwamba analazimika kuchagua kati ya mila na sheria hajaisoma sheria yenyewe, ambayo imeipa mila nafasi ndani ya chombo cha kijiji.

Faida yake kubwa kuliko kikao cha wazee ni maandishi na uwazi. Kuna katibu, kuna muhtasari, kuna wajumbe wanaojulikana ambao mkutano mkuu uliwakubali na unaweza kuwakataa. Mkulima mgeni aliyekodi shamba, ambaye mzee wa Kizigua hawezi kumfunga, yuko chini ya serikali ya kijiji kama mtu mwingine yeyote.

Udhaifu wake unatokana na mahali uanachama wake unapotoka. Katika kijiji chenye wakulima wengi, halmashauri ya kijiji huwa ya wakulima, na baraza linalopendekezwa nayo hufanana nayo. Mfugaji akiingia mle na kuona sura saba ambazo zote zina mashamba, hata wawe waadilifu kiasi gani, atajiona amekwenda kushtakiwa nyumbani kwa mshtaki wake. Katika kijiji cha wafugaji hali hiyo hugeuka tu. Na kuna kesi ambazo chimbuko lake ni kiongozi wa kijiji mwenyewe, aliyewapokea wenye mifugo mingi kwa malipo bila kuuliza mkutano mkuu, au aliyegawa kwa kilimo ardhi iliyotengwa kwa malisho. Baraza lililo chini ya kivuli chake haliwezi kulichokonoa jambo hilo.

Baraza la kata lilikuwa na nguvu zaidi zamani kuliko sasa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuliachia upatanishi peke yake. Shauri la ardhi halipokelewi na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele. Wapo watu ambao bado wanakwenda kata wakitarajia hukumu, wakirudi na karatasi ya upatanishi wanajiona wamedanganywa. Wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani wafanye kazi ya kulieleza hili mapema. Siku hizo 30, kwa upande mwingine, ni nafasi nzuri kwa wazee: upatanishi wao ukifanyika ndani ya muda huo na ukaandikwa na baraza la kata, unapata kumbukumbu ambayo kikao cha chini ya mti hakiwezi kuipata peke yake.

Wilaya na mahakama

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mwenyekiti mwanasheria na wazee wa baraza (washauri wake, si wazee wa mila), linapokea mawakili, na uamuzi wake hukatiwa rufaa Mahakama Kuu. Mgogoro ukiwa ni wa nani mwenye haki juu ya ardhi, huko ndiko kwenye jibu linaloweza kushikiliwa mbele ya yeyote, pamoja na taasisi, kampuni au mtu mwenye fedha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo lililompunguzia mwanakijiji hofu, ingawa mzee wa Kimasai asiyekijua vema bado anahitaji mkalimani.

Gharama yake ni nauli, wakili, mashahidi wanaoacha mashamba yao, na misimu inayopita. Lakini kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba hukumu hugawa watu katika mshindi na mshindwa, kisha huwarudisha katika lambo lilelile. Hakimu aliyetoa hukumu ya haki kabisa hatakuwapo mwezi wa Januari, wakati mahindi ya vuli yapo shambani na nyasi za nyikani zimekauka.

Kuna eneo moja ambalo mahakama haina mbadala, nalo ni damu. Mtu akiuawa, akibakwa au akijeruhiwa vibaya, jambo hilo ni la Jamhuri, na hakuna kikao cha wazee kinachoweza kulimaliza. Mila ya fidia ya damu ipo kwa wafugaji, na dia inafahamika kwa Waislamu wa pwani. Mimi siipingi kama kitulizo kwa waliofiwa. Ninachokipinga kwa moyo wote ni fidia inayolipwa ili mashahidi wanyamaze. Ng'ombe wakishahamishwa zizi, shahidi husahau alichokiona, jalada hufungwa kwa kukosa ushahidi, na kijana aliyeua hujifunza kwamba uhai una bei ambayo ukoo wake unaimudu.

Nani haketi katika kikao

Hapa ndipo njia ya wazee inaposhindwa vibaya zaidi, na sioni sababu ya kulipitia jambo hili juujuu. Mwanamke wa Kizigua ndiye anayepalilia mahindi yaliyoliwa. Mwanamke wa Kimasai ndiye anayekamua na kuuza maziwa kwa yule yule mke wa mkulima, na soko likifungwa kwa sababu ya uhasama, chakula cha watoto wa pande zote mbili hupungua siku ileile. Wote wawili hawaketi katika kikao. Mjane ambaye shamba lake limeliwa husemewa na shemeji, na fidia hulipwa mkononi mwa shemeji.

Tusidhani kwamba kasoro hii ni ya Tanga peke yake. Kaskazini mashariki mwa Kenya, Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililofikiwa na wazee ili kukomesha mauaji ya wafugaji, liliweka fidia ya ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Azimio hilo lilisaidia kutuliza eneo ambalo serikali ilikuwa mbali, na wakati huohuo liliandika kwa tarakimu kwamba mwanamke ni nusu ya mtu. Nchini Tanzania sharti la namna hiyo lisingesimama katika shauri la ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Yapo pia mafundisho ya upande wa pili. Wilayani Wajir, nchini Kenya, katika mapigano ya koo ya miaka ya mwanzo ya 1990, walioanza walikuwa wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwa waasisi. Walihakikisha kwanza kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua sokoni bila kuzuiwa, kisha wakawafuata wazee, na wazee wakatoa Azimio la Al Fatah mwaka 1993. Baadaye kamati yao iliingizwa katika mfumo wa maendeleo wa wilaya na ikawa mfano kwa kamati za amani kwingineko Kenya. Wazee walihitajika, kwa kuwa bila wao vijana wasingeacha silaha. Lakini hawakuanza wao.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Gacaca ya zamani ilikuwa kikao cha wazee wanaume kwa mashauri madogo ya majirani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 serikali iliigeuza kuwa mahakama ya kisheria, wananchi wakachagua waamuzi wanawake kwa wanaume, na hadi ilipofungwa Juni 2012 ilikuwa imesikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Hakuna mahakama ya kawaida ambayo ingeweza kuusikiliza wingi huo. Gharama yake ilikuwa kwamba mshtakiwa hakuwa na wakili, na mashauri dhidi ya askari wa upande ulioshinda vita hayakufika huko. Kwangu fundisho la kuchukua kutoka Rwanda kwa ajili ya kijiji cha Kilindi ni dogo na mahususi: mila inaweza kubadilishwa ili mwanamke aketi katika kiti cha uamuzi, na haivunjiki kwa kufanya hivyo.

Kuhusu vijana nitasema kwa ufupi. Wao ndio wanaopigana, na kikao kisichokuwa na angalau wawili wao kutoka kila upande hakijui nini kilitokea usiku ule.

Kuchagua

Mazao yakiwa yameliwa, watu wakiwa wamepigana kwa fimbo na hakuna aliyejeruhiwa vibaya, mimi ningeanza na wazee bila kusita. Lakini si wazee peke yao. Upande wa wafugaji akae laigwanani, na kikao cha Wabarbaig kiwakilishwe kama wapo. Upande wa wakulima, kwa sababu niliyoieleza, uketi mkusanyiko mpana zaidi: mzee wa ukoo, imamu au katekista, wenyeviti wa vitongoji, na mtu anayewasemea wakulima wa kukodi. Wanawake wa pande zote wawemo tangu kikao cha kwanza, na malipo ya shamba la mjane apewe mjane. Afisa ugani apime hasara kabla ya kikao, kwa sababu mzozo juu ya magunia mangapi yameliwa huwasha moto upya hata pale moyo wa kupatana upo. Baraza la Ardhi la Kijiji lishuhudie na liandike.

Kama kiini ni mpaka, yaani nani alime wapi na ng'ombe wapite wapi, wazee wanaweza kusimamisha mapigano lakini wasiachiwe jibu. Jibu liko katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaofanywa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, wenye eneo la malisho, lambo na mapito ya mifugo yaliyowekewa alama. Mfano ulio karibu nasi ni wa vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto, vilivyounganisha mipango yao na kutenga malisho ya pamoja yanayoitwa OLENGAPA. Mpango ukishindikana kwa sababu mtu mmoja anadai haki ya umiliki, shauri lipitie kata na kwenda wilayani, na wakati likisubiri, wazee waendelee kukutana ili hukumu ikitoka isikute majirani wameshikana mashati. Msomera, wilayani Handeni, ambako familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Juni 2022, panahitaji uangalizi wa aina hii zaidi ya kwingine, kwa kuwa majirani wapya hawajapata muda wa kuwa na wazee wanaotambuana.

Mwenye ng'ombe akiwa mtu wa mjini asiyeitika wito, msipoteze wiki tatu za vikao. Fungueni madai ya fidia mahakamani, na kwa kawaida huanzia mahakama ya mwanzo.

Mtu akiwa amekufa, njia mbili ziende sambamba na zisiingiliane. Polisi na mahakama washughulike na aliyeua. Wazee washughulike na koo mbili zilizobaki, wazuie kisasi, wawafariji waliofiwa, na katika maandishi yao pawe na sharti kwamba hakuna fidia inayomwondolea shahidi wajibu wa kutoa ushahidi. Mzee anayekataa kutia saini sharti hilo ametupa habari muhimu kuhusu nia yake.

Muhtasari wa makubaliano, kwa njia yoyote itakayochaguliwa, usomwe kwa Kiswahili na kwa Kimasai mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Utaje tarehe ambayo mifugo itaruhusiwa kula mabua baada ya mavuno, lambo litakalotumika kiangazi, namna ya kupima hasara, na majina ya watu wawili, mmoja kila upande, watakaopigiwa simu usiku ng'ombe wakionekana shambani, kabla ya mtu yeyote kuchukua panga. Nakala ziwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa laigwanani, kwa baraza la kata na katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za vuli za Oktoba, kwa kuwa shamba likishapandwa juu ya mapito ya mifugo, mwenye shamba hataling'oa, na ng'ombe hawataacha kuyafuata maji.